Kubadili Meno au Kung'oa Kitasa

Siku ya kwanza kazini sikushikishwa bisibisi wala nyundo. Fundi Mkuu alinisukumia karai lililojaa funguo zisizo na vitasa, akaniambia nizipange.

"Nizipange kwa ukubwa au kwa rangi?" nikauliza.

Alinitazama juu ya miwani. "Zipange unavyoona wewe," akasema, akarudi kwenye jiriwa yake, kile kibanio cha chuma cha mezani.

Karakana ilikuwa kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi, chumba kirefu chenye meza mbili, jiriwa mbili na bati lililotuoka kuanzia saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka Nachingwea miaka miwili nyuma, nimetengeneza baiskeli Kariakoo, na tayari nilijiona fundi. Nikazipanga kwa ukubwa. Fundi Mkuu akapita, akazimwaga zote karaini bila neno. Nikazipanga kwa rangi, akazimwaga. Mara ya nne nilikuwa nimenuna hadi mashavu yanauma. Ndipo nikaona kwamba funguo mbili zinaweza kufanana kama pacha na meno yake yakawa mbalimbali kabisa, na nyingine mbili zisizofanana hata kidogo zikawa na meno yale yale. Nikazipanga kwa meno. Safari hiyo alipita na kuziacha. Hakunisifu. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mkavu wa maneno, na katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake nadhani alinisifu mara mbili, na mojawapo alikuwa na homa.

Niwaeleze vijana kazi yenyewe, maana leo hamuifanyi, mnaiuza tu. Vitasa vya milango ya nyumba wakati ule vilikuwa makasha ya chuma yanayozamishwa ndani ya ubao wa mlango. Ukifungua kasha unakuta ulimi, yaani kile kipande kinachochomoka na kuingia kwenye mwimo wa mlango, na juu yake visahani vyembamba vya shaba, vitatu au vitano, kila kimoja na springi yake. Jino moja la ufunguo huinua kisahani kimoja. Vyote vikifika kimo chake kwa pamoja, ulimi unapita. Kimoja kikizidi au kikipungua, ulimi unakwama. Basi, hakuna uchawi.

Mtu aliyepotelewa na ufunguo, au anayeogopa kwamba ufunguo wake uko mkononi mwa mwingine, ana njia mbili. Ya kwanza ni kubadili meno. Fundi anafungua kasha, anahamisha visahani au anachonga vingine kwa tupa, anakata ufunguo mpya, na kitasa kinarudi palepale. Ule ufunguo wa zamani unakuwa kipande cha chuma tu. Ya pili ni kung'oa kitasa na kutia kipya, kuupiga mlango patasi, kupanua tundu, kuziba pale palipobaki wazi. Fundi Mkuu alitufundisha kuuliza mambo mawili kabla ya kuamua. Je, kitasa chenyewe ni kizima? Na huo ufunguo mwingine anao nani? Kitasa kizima, badili meno. Kitasa kilichochoka, ng'oa, hata kama mteja analia.

Lakini wateja! Mwenye kitasa imara cha zamani, cha chuma kinene, alitaka king'olewe. "Fundi, hiki kimeshazoea ufunguo mwingine," bibi mmoja wa Mtaa wa Sikukuu aliniambia, kama vile kitasa ni mbwa. Na mwenye kitasa kilichokwisha, kinachofunguka kwa kijiko, huyo ndiye aliyesema, "Nibadilishie meno tu, bado kinadai maisha." Kutwa nzima unabishana na watu kuhusu mali yao wenyewe.

Baadaye mafundi wadogowadogo wa mtaani tuliunganishwa katika ushirika mmoja. Tukapata Mwenyekiti, ambaye tulimwona siku za mkutano, na Meneja, ambaye tulimwona kila saa. Meneja alikuwa kijana safi, mwenye suti ya Kaunda ya rangi ya majivu na kalamu tatu mfukoni. Hakuwahi kufungua kitasa maishani mwake, isipokuwa kwa ufunguo. Wiki ya pili alitubandikia kanuni ukutani. Kila mlango uliopotelewa ufunguo utiwe kitasa kipya.

"Ndugu Meneja," nikasema, "vitasa vingi ni vizima. Vinahitaji kubadilishwa meno."

"Ndugu Nambunga, fomu ya taarifa ina sehemu ya vitasa vilivyotiwa. Haina sehemu ya meno."

"Basi tuiongeze."

"Fomu haiongezwi na fundi."

Tulifuata kanuni. Niling'oa vitasa ambavyo vingemzika mwenye nyumba na wajukuu zake, nikatia vingine vyepesi kama makopo ya samaki. Kisha shida ya bidhaa ikaingia. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na vitasa havikuwepo hata kwa foleni. Mtu angedhani sasa kanuni itabanduliwa. Haikubanduliwa! Watu walikuja karakana asubuhi, tunawaandikia majina, tunawaambia wasubiri vitasa vipya, wanarudi kufunga milango yao kwa waya na kamba za katani. Ndani ya kabati nina visahani, nina tupa, nina mikono miwili. Kazi ya nusu saa! Nikawa nakwenda kwa Meneja kila Jumatatu kumwambia jambo lile lile, naye ananijibu jambo lile lile, hadi mafundi wenzangu wakawa wananiita Jumatatu.

Ilichukua miezi. Mwishowe Mwenyekiti mwenyewe alipotelewa na ufunguo, akafungiwa nje ya nyumba yake, akakaa barazani nusu siku, na kesho yake Meneja akaniita.

"Mnaruhusiwa kubadili meno," alisema bila kunitazama. "Kwa majaribio. Pakitokea lalamiko hata moja, tunarudi kwenye kanuni."

Nilitoka ofisini natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Na hapo ndipo makosa yangu yanapoanza.

Mmoja wa watu wa kwanza katika majaribio hayo alikuwa Mama Anjela, fundi cherehani kutoka Moshi. Alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya Mtaa wa Narung'ombe, ile ya korido katikati na vyumba pande mbili, na mlango wa chumba chake cha kazi ulikuwa na kitasa cha siku nyingi. Mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine, huko Temeke, akaondoka na ufunguo. Mkewe akienda sokoni, yeye anaingia. Mara ya kwanza alichukua redio. Mara ya pili shuka. Mara ya tatu alichukua vitambaa vya wateja, na msomaji wa leo hawezi kujua maana yake. Kitambaa kile mtu alikisimamia foleni tangu alfajiri kwenye duka la kijiji au la mtaa, akipata mita tatu anashukuru Mungu. Mama Anjela alikuwa amewaangukia wateja wale mmoja mmoja.

"Imebaki cherehani," aliniambia. Ilikuwa pale kona, nyeusi, imefunikwa kanga. "Aliniachia mama yangu. Hiyo ikienda, fundi, mimi na watoto tunakula nini? Nataka kitasa kipya."

"Mama, kipya hakuna mji mzima. Na hukihitaji. Nitabadili meno, ufunguo wake hautafanya kazi tena."

Alikwenda mlangoni, akaufunga, akausukuma kwa bega. Mlango ukagonga mwimo, tak tak. "Sikia. Huu mlango unacheza. Hata ufunguo wangu mwenyewe siku nyingine nautia nusu tu na unafungua. Hiki kitasa kimechoka."

Mimi ndiye niliyefundishwa kumwambia mteja maneno hayo. Sasa mteja ananiambia mimi, na mimi nikachukia. Nilikuwa na siku nne tangu nipewe ruhusa. Nilitaka milango kumi, ishirini, yote imebadilishwa meno, nimpelekee Meneja orodha.

"Mama," nikasema, "wewe shona, vitasa niachie mimi. Hapa haingii mtu."

Nikafungua kasha. Nikaona visahani vimelika matumboni, pale meno yanaposugua. Nikasema moyoni, vitafaa. Nikahamisha viwili tu kati ya vitano, vilivyokuwa karibu sawa kwa kimo, nikakata ufunguo mpya, nikaujaribu, ukafungua, ukafunga. Ule wa zamani sikuujaribu. Wa mumewe ulikuwa Temeke, lakini wa Mama Anjela, wenye meno yale yale, ulikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuutia na kuutikisa. Ingenichukua dakika moja. Sikufanya.

Hazikupita wiki tatu akaja karakana, asubuhi, jasho linamtoka kwa kutembea haraka. Aliweka ufunguo wangu mpya juu ya meza.

"Kuna nini, mama?"

"Baba Anjela alikuja jana mchana nikiwa sokoni. Jirani alimwona. Hakuvunja, hakupiga teke. Alitia ufunguo wake ule ule, akautikisatikisa, akaingia kama anaingia kwake. Cherehani ameondoka nayo."

"Haiwezekani," nikasema.

Hilo ndilo neno lililonitoka kwanza, mbele ya mtu aliyeibiwa.

"Basi labda imetembea," alisema Mama Anjela.

Fundi Mkuu alikuwa amesikia yote. Aliweka chini tupa, akafuta mikono, akasema tu, "Twende." Tulikwenda watatu hadi Narung'ombe. Alikitoa kitasa mwenyewe, akakifungulia sakafuni, akainua kisahani kimoja kimoja na kukielekeza dirishani. Vilikuwa vimekwisha kiasi kwamba ulimi ulipata nafasi hata visahani visipokaa sawa. Akachukua ufunguo wa kabati lake mwenyewe, wala si wa kitasa hicho, akautia, akautikisa. Ukafungua. Sikujua nitazame wapi.

"Uliviona hivi?" akaniuliza.

"Niliviona."

"Siku ile ulikuwa unatazama kitasa, au ulikuwa unamtazama Meneja?"

Alimgeukia Mama Anjela, akamwomba radhi kwa niaba ya karakana nzima, kwa adabu ya watu wa zamani, mikono mbele. Mimi nikasema pole sana mama, nikarudia, pole sana.

Meneja alipopata habari nusura acheze ngoma. "Ndugu Nambunga! Si nilisema? Lalamiko hata moja!" Kanuni ikarudi ukutani ikiwa na gundi mpya. Hiyo ndiyo iliyonikera kuliko yote, kwamba mtu ambaye hakuelewa lolote alikuwa amepata ushahidi, na ushahidi huo nimempa mimi. Milango mia ingebadilishwa meno na kuwa salama. Mmoja niliouharibu kwa kiburi ukafanya yote ifungwe kwa waya tena.

Mama Anjela hakuwa na haja na kanuni zetu. Alikuwa na mlango usiofungika na watoto wawili. Nilizunguka mji siku tatu. Nilikwenda maduka yote ya vifaa Kariakoo, nikakuta rafu tupu na wauzaji wanasoma gazeti. Nikauliza mtaani Gerezani, nikauliza Feri kwa mabaharia wanaotoka visiwani. Hakuna. Siku ya nne nilikwenda nyumbani mchana, nikang'oa kitasa cha mlango wetu. Kilikuwa kizuri, cha visahani vitano, nilikipata kwenye nyumba iliyobomolewa na kukisafisha mwenyewe.

Mke wangu, Somoe, alitoka uani akiwa na mwiko mkononi. "Unafanya nini?"

"Nakipeleka Narung'ombe."

"Na mlango wetu?"

"Tutaweka komeo kwa ndani."

"Na tukitoka?"

"Tusitoke wote."

Alitazama tundu lililobaki mlangoni. "Mume mwenye kazi ya vitasa," akasema, "na nyumba yake haina kitasa." Akarudi uani. Kwa miezi minane mmoja wetu alikuwa lazima abaki nyumbani. Harusi alikwenda yeye, misiba nilikwenda mimi, na kila aliporudi alinikumbusha.

Nilikitia kitasa kile kwa Mama Anjela siku hiyo hiyo. Safari hii nilibadili meno yote matano, nikamletea funguo saba za kila namna, nikamwambia ajaribu mwenyewe moja moja. Alizijaribu zote saba, taratibu, mimi nimesimama koridoni kama mshtakiwa. Hakuna uliofungua isipokuwa wake.

Kuhusu cherehani tulikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mzee wa Kizaramo, mtu mwema, lakini alianza na maneno ya kutia hasira. "Hili ni jambo la mume na mke. Vitu vya ndani ni vya wote wawili."

"Balozi," alisema Mama Anjela, "mama yangu hakuolewa naye."

Watu waliokuwa barazani wakacheka, na balozi akainamisha kichwa. Akatuma waitwe mashahidi, na mume naye akaitwa kutoka Temeke. Alikuja, mtu mpole wa sura, amevaa vizuri, akakubali yote bila kuona haya. Cherehani alikwisha kuiuza kwa mtu wa safari, ambaye hakumjua hata jina. Balozi alimfokea hadi sauti ikamkauka. Mwisho mume alitoa ufunguo wake wa zamani, akaahidi mbele ya majirani kwamba hatakanyaga tena nyumba ile, na ahadi hiyo aliitimiza. Cherehani haikurudi. Mama Anjela alishona kwa mkono, nguo zilizokuwa zimekatwa tayari, pindo kwa pindo. Baadaye jirani akamruhusu kutumia cherehani yake alasiri, baada ya yeye kumaliza kazi zake. Nilimpelekea kiti cha kushonea nilichotengeneza. Alikipokea, akasema asante, na hakunikaribisha ndani.

Mimi niliendelea na Jumatatu zangu, ingawa sasa niliongea kwa sauti ya chini. Meneja alihamishwa, akaja mwingine mnene, aliyependa usingizi kuliko kanuni, na chini yake tulibadili meno bila kumwamsha. Fundi Mkuu alistaafu akarudi Songea. Nikapelekwa tawi letu la karibu na Feri, ambako chumvi ya bahari inakula chuma kama mchwa, na huko nilijifunza kung'oa zaidi kuliko kubadili. Nikarudishwa Msimbazi nikiwa Msimamizi wa Karakana. Kila fundi aliyekuja chini yangu nilimlazimisha ajaribu ufunguo wa zamani baada ya kubadili meno, mteja akiwa amesimama pale pale anaona. Walininung'unikia. Niliwaacha wanung'unike. Nilishika kazi hiyo hadi macho yalipokataa kuona meno ya ufunguo, nikaaga.

Sasa nakaa barazani kwangu na kukasirika. Napita Kariakoo, naona vitasa vimepangwa chini juu ya turubai kama nyanya, vinang'aa, vya bei ya kila mfuko. Majuzi kijana mmoja alikuwa anang'oa kitasa kizima kwa jirani yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, hicho hakina ugonjwa." Akanijibu, "Mzee, siku hizi hatufanyi hivyo, tunabadili chote fasta." Naye mteja alikuwa anatabasamu. Lakini nikikumbuka vizuri, mimi niliyetaka kubadili meno kila mlango na yeye anayetaka kung'oa kila kitasa tuna ugonjwa mmoja. Tumeamua kabla ya kutazama.

Mwaka jana nilikwenda Kariakoo kumtafutia mjukuu sare ya shule. Duka lilikuwa limejaa wazazi, na nyuma ya meza alikaa mwanamke mzima wa nywele nyeupe, tepu shingoni, anawapigia wasichana watatu kelele wamalize kushona vifungo. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Fundi Nambunga! Bado upo?"

"Nipo, Mama Anjela. Habari za miaka yote?"

"Nzuri. Kile kitasa cha pili, nilipohama nilihama nacho. Kipo nyumbani Kimara mpaka leo."

Nilijisikia vizuri, nikaanza kumweleza habari za visahani vitano. Aliniacha niongee. Kisha akasema, bila ukali, akikunja shati, "Ile cherehani, unajua, nilikuwa naota inalia chumbani. Miaka mingi."

Mimi na yeye hatukuwa tumewahi kuongea tena juu ya jambo lile. Miaka yote nilijiambia kwamba nilishalimaliza, kwa kitasa changu, kwa kiti, kwa zile pole nilizomwambia. Lakini pole husemwa hata na mpita njia. Nikavua kofia, wazazi na watoto wao wakinitazama.

"Mama Anjela," nikasema, "uliniambia mlango unacheza, nami niliona visahani vimekwisha. Niliviona, nikaviacha. Kosa lile lilikuwa langu. Nisamehe."

Mkono wake ulisimama juu ya shati. Akalikunja hadi mwisho, akaliweka juu ya mengine.

"Umechelewa, fundi," akasema. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa. Huyo mjukuu ana urefu gani?"

Nikakaa, nikampimia kimo cha mtoto kwa mkono hewani, naye akatoa tepu shingoni.